Jumatano Maji Si Yetu

Nitaanza na stashahada yangu, kwa sababu niliipata mwenyewe. Hakuna mjomba aliyenilipia ada wala mfadhili aliyenishika mkono. Niliondoka Lushoto nikiwa na miaka kumi na saba, nimekaa juu ya magunia ya kabichi, na cheti cha kidato cha nne nilikuwa nimekikunja mara nne ili mtu asikione. Dar es Salaam nilibeba karoti sokoni, kisha nikabeba ngazi ya fundi umeme mmoja, kisha ngazi ikawa yangu. Nilisoma chuo cha jioni kwa miaka mitano kozi ambayo wenzangu wa mchana waliimaliza kwa mitatu, nikatoka na stashahada ya uhandisi wa umeme. Nimefunga sola visiwani Ziwa Viktoria. Nimefunga Pwani. Nimefunga Mnazi, kule bondeni kwetu, ambako jua linapiga mpaka mabati yanalia. Niliporudi milimani nilirudi na gari la mizigo, dogo lakini langu, na mlango wake ulikuwa na jina la kampuni yangu kwa rangi ya bluu.

Kwa hiyo mkuu wa shule aliponiita ofisini kwake, sikushangaa. Nilishangaa tu kwamba walichelewa.

Ilikuwa shule niliyosoma mimi mwenyewe. Mwalimu wa hesabu wa wakati ule aliwahi kuniambia mbele ya darasa kwamba nitaishia kubeba mizigo ya watu. Kwa miaka miwili alikuwa sahihi. Sasa nilikaa kwenye kiti cha wageni, na mama mkuu wa shule, mtu wa Tanga mjini aliyehamishiwa huku na ambaye hakuivua sweta yake hata Januari, alinitazama juu ya miwani.

"Naambiwa wewe ndiye fundi wa sola."

"Mhandisi, mama."

"Fundi mwenye cheti, basi. Nataka watoto wa kidato cha kwanza na cha pili wafundishwe nishati jadidifu. Jua, maji, samadi, yote. Si ya kukariri. Waguse kwa mikono. Unaweza kuniandikia kozi?"

Nilisema naweza. Nilisema naweza kabla hajamaliza.

Niliandika kozi nzima kwa wiki tatu, kurasa hamsini na mbili, kwa mkono kwanza halafu nikachapisha. Naijua kazi yangu, na kurasa zile zilikuwa safi. Kila kipindi kilikuwa na lengo, vifaa, hatua, na zoezi. Kosa la kwanza lilikuwa kwamba niliiandika kama mtu wa Mnazi. Kurasa arobaini zilikuwa sola. Nilipopandisha paneli kwenye paa la darasa mwezi wa saba, ukungu uliingia Jumatatu na ukatoka Ijumaa, na taa yangu ya mfano ikawaka kama jicho la mtu mwenye malaria. Mwalimu wa fizikia, kijana mwenye maneno mengi, akaanza kuniita Bwana Ukungu. Walimu wakacheka. Hata mpishi alicheka, na alikuwa hajui fizikia.

Sikukaa kulia. Nyuma ya shule unapita mfereji wa maji kutoka msituni, wa zamani kuliko shule yenyewe, uliochimbwa na wazee kwa majembe ukifuata kiuno cha mlima. Pale unapoteremka kuelekea bustani ya shule kuna mporomoko wa urefu wa mtu. Nikachukua rimu ya baiskeli, nikaifunga vikombe vya plastiki vilivyokatwa, nikaiunganisha na dainamo. Jumanne, kipindi changu cha kwanza, gurudumu lilizunguka na balbu ikawaka nyeupe. Watoto walisogea mpaka ukingoni. Wengine walikuwa wameyachezea maji yale tangu hawajaanza kutembea, na hawakuwahi kuyaona yakiwasha kitu. Ijumaa, kipindi changu cha pili, likazunguka tena. Nilifanya hivyo wiki nne, na halikukosa hata siku moja. Nikaandika upya kurasa arobaini. Kwenye ukurasa wa kumi na nne niliandika, na sentensi hii naikumbuka kwa herufi: "Tofauti na jua, maji ya mfereji hutoa umeme kila siku."

Bwana Ukungu akafa kifo cha kawaida. Hakuna aliyeniita hivyo tena.

Iliyobaki ilikuwa ruhusa. Afisa elimu kutoka halmashauri alikuwa aje kuona kipindi kimoja kikifundishwa. Akiridhika, atasaini, kozi itafundishwa mwaka mzima, na stoo ya zamani ya mahindi, ambayo tulikuwa tumeigeuza karakana, itabaki yetu. Asiporidhika, jalada litaingia kabatini na mahindi yatarudi stoo. Mama mkuu aliniambia hivyo bila kupamba. Alikuwa ameiombea kozi ile mahali ambako watu hawakutaka kusikia, na alikuwa amesema jina langu.

"Sijawahi kumsemea mtu kwa halmashauri," aliniambia. "Usinifanye nijute."

Ugeni ulipangwa Ijumaa. Jumatatu ya wiki ile simu ikapigwa: afisa ana kikao Ijumaa, atakuja Jumatano saa nne. Nikasema hakuna shida. Niko tayari siku yoyote, nilisema, na nilijisikia vizuri kusema hivyo mbele ya mwalimu wa fizikia.

Kesho yake niliingia darasani kuwatangazia watoto. Niliposema Jumatano, darasa likanung'unika, lile nung'uniko dogo la Kishambaa ambalo watoto hulifanya wakidhani mwalimu hasikii. Nilisikia. Nilidhani wanaogopa mgeni. Msichana mmoja wa safu ya mbele, mwenye sare iliyorefushwa kwa kitambaa cha rangi nyingine, akanyoosha mkono.

"Teremsha," nikamwambia. "Maswali mwisho wa kipindi."

Akateremsha. Akanyoosha tena nilipokuwa nachora gurudumu ubaoni. Nikamtazama tu, akateremsha. Mwisho wa kipindi kengele ililia nikiwa bado naeleza jinsi mgeni atakavyoamkiwa, watoto wakatoka, naye akatoka nao. Kwenye kozi yangu, kila kipindi kilikuwa na dakika tano za maswali. Nilikuwa nimeziandika mimi mwenyewe. Siku ile nilizila.

Jumatano nilivaa koti la suti na viatu vya ngozi. Saa tatu kasoro dakika kumi nilikwenda nyuma ya shule kulijaribu gurudumu kwa mara ya mwisho.

Mfereji ulikuwa mkavu.

Haukuwa na maji machache. Ulikuwa na tope, majani, na chura mmoja. Vikombe vyangu vilining'inia. Wazo langu la kwanza lilikuwa mwalimu wa fizikia, na nakiri kwamba nilimtafuta kwa macho nikiwa nimekunja ngumi. Nilimwona barazani, anakunywa chai, hana habari. Halafu nikaona darasa langu lote limesimama kwenye kona ya jengo, wananitazama kama watu wanaotazama jeneza likishushwa.

"Nani amefunga maji?"

Yule msichana ndiye aliyesema, safari hii bila kunyoosha mkono.

"Mwalimu, Jumatano maji si yetu. Zamu ya shule ni Jumanne na Ijumaa. Leo ni ya kitongoji cha juu."

"Kwa nini hamkuniambia?"

Alikuwa na adabu ya kutonikumbusha mkono alioninyooshea.

Hapo nilielewa kwa nini gurudumu halikukosa wiki nne. Vipindi vyangu vilikuwa Jumanne na Ijumaa. Nilikuwa nimeupima mfereji siku zetu tu, kama mtu anayepima soko siku ya gulio na kuandika kwamba limejaa wiki nzima. Walimu wa pale wote, ukinitoa mimi, walikuwa wageni. Bustani walimwagilia watoto. Na mimi, mzaliwa wa pale? Baba yangu alikuwa fundi cherehani karibu na soko. Hatukuwa na shamba hata la kupanda kitunguu kimoja. Zamu za maji nilizisikia utotoni kama mtu anavyosikia habari za familia nyingine.

Nilipanda mlima nikiufuata mfereji. Viatu vya ngozi viliteleza. Baada ya kama dakika ishirini nikafika pale ulipogawanyika, na nikaona maji yote, maji yangu, yakiingia kwenye shamba la kabichi kupitia pengo lililozibuliwa upande wa kushoto. Katikati ya shamba alikuwa mama mmoja mtu mzima, ameinama, kanga imefungwa kiunoni juu ya gauni, anafungulia maji mstari kwa mstari. Kwenye mlima ule hakuna mpira wa kunyunyizia. Maji yanaingia mstari mmoja, yanakwenda mpaka mwisho, unauziba kwa bonge la udongo, unafungua unaofuata.

"Mama, tunahitaji haya maji shuleni," nilisema. "Kuna mgeni wa serikali."

Hakuinua kichwa. Akaziba mstari, akafungua mwingine. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. Akaendelea. Nikatambua nilichoacha, na masikio yakapata moto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akanyooka. "Nilidhani umepanda bila hiyo."

"Nisamehe. Nina haraka."

"Naona. Na viatu." Akanitazama vizuri. "Wewe si mtoto wa yule fundi cherehani? Aliniharibia gauni la arusi, halafu akalirekebisha bure. Mtu mwema. Unataka nini, mwanangu?"

Nikamweleza. Gurudumu, afisa, saa nne, saini. Nilieleza vizuri, nadhani, kwa sababu alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameegemea jembe. Kisha akaonyesha mistari iliyobaki.

"Miche hii nimeihamisha jana. Zamu iliyopita mfereji ulikuwa umebomoka kule msituni, sikupata tone. Nikikuachia sasa, nitapata tena Jumatano ijayo. Hii mistari mikavu itakuwa kuni."

"Shule inaweza kukupa siku yake. Kesho kutwa."

"Siku ya shule ni ya shule, si yako kuigawa. Umemwuliza nani?" Akasukuma bonge la udongo kwa mguu. "Sikukatalii. Ila anayeomba maji ndani ya zamu ya mwenzake huja na jembe. Anammalizia mwenye zamu kazi yake kwa mikono yake, halafu maji yaliyobaki ni yake mpaka jioni. Hata mwenyekiti wa mfereji hufanya hivyo. Kwenu hamkufundishwa?"

"Kwetu hatukuwa na shamba."

"Basi chukua langu."

Nikaangalia saa. Saa tatu na dakika ishirini. Mistari kumi na sita. Nikatundika koti kwenye mti wa mparachichi na kuvua viatu.

Nimepanda nguzo za umeme wenye kuua. Nimesimama juu ya paa kwenye upepo wa ziwa nikiwa nimeshika paneli kama mlango. Lakini jembe lile lilinidhalilisha kwa dakika kumi za kwanza. Nilifungua mstari, maji yakaenda, nikaziba, yakapita chini ya bonge langu. Alinionyesha: si kuweka bonge, ni kulikanyaga kwa kisigino. Mistari minne ikaisha na ilikuwa saa nne kasoro robo. Nikapiga hesabu kama mhandisi. Maji yalikuwa mengi. Nikifungua mistari miwili kwa pamoja nitaokoa nusu ya muda. Nikafungua miwili.

Tuta la tano likabomoka katikati. Maji yakaruka njia, yakaanza kuteremka kwenye uchochoro wa mbuzi, kwenda kusikomhusu mtu.

"Umeme nao unaufungulia mistari miwili?" aliuliza yule mama, akiwa ameshika kiuno.

Nilirukia lile pengo kwa magoti. Niliziba kwa mikono, kwa suruali ya suti, kwa udongo wowote ulioshikika. Dakika kumi na tano zilipotea pale. Simu ikalia ndani ya koti mtini. Nilipoifikia ilikuwa mama mkuu.

"Mgeni amefika. Uko wapi?"

"Juu, mama. Namwagilia."

"Unamwagilia nini?"

"Kabichi. Maji leo yana mwenyewe. Nikimaliza yatateremka."

"Anaondoka saa tano na nusu kwenda Magoma. Si dakika moja zaidi." Akakata.

Baada ya hapo sikuangalia saa. Mstari mmoja, mpaka mwisho, kisigino. Mmoja, mpaka mwisho, kisigino. Yule mama hakunisaidia hata mara moja na hakunikaripia tena. Alikaa kwenye tuta akachambua mboga, na nilipomaliza wa kumi na sita alitembea mpaka mwisho wa mstari, akaugusa udongo kwa vidole, akarudi taratibu. Nilitaka kupiga kelele. Kisha akasogeza jiwe mwenyewe, akaziba pengo lake kwa majani na udongo, na maji yakageuka kulia.

"Yako," alisema. "Yafuate, usiyatangulie. Mfereji mkavu unakunywa."

Nilikuwa nimeanza kukimbia, nikarudi kuchukua koti, viatu nikavisahau. Alisema kweli. Yale maji yalitembea kama ng'ombe mzee. Yaliingia kwenye kila shimo, yakakaa, yakajaa, yakasogea. Niliondoa majani mbele yake kwa mikono. Nilimtoa chura. Nilipofika juu ya shule gari la halmashauri lilikuwa limewashwa, na afisa elimu, baba mnene mpole mwenye saa kubwa, alikuwa na mguu mmoja ndani. Darasa langu lilikuwa limepanga mstari kando ya mfereji. Mama mkuu alikuwa amesimama mbele ya lile gari kama mtu aliyeegemea tu kwa bahati, lakini dereva asingeweza kutoka bila kumgonga.

Maji yakafika. Gurudumu likatikisika, likakataa, likazunguka. Balbu ikawa nyekundu, kisha ya manjano. Nyeupe haikufika.

Afisa alitoa mguu garini. Akatembea mpaka kwenye mporomoko, akaitazama balbu, akaitazama miguu yangu, akalifungua jalada langu alilokuwa nalo mkononi.

"Hongera. Imewaka." Akageuza kurasa. "Ukurasa wa kumi na nne unasema kila siku. Jumatano ijayo, saa hizi, itawaka?"

Darasa zima lilikuwa linajua jibu. Mama mkuu alikuwa ananitazama na hakujua nitasema nini. Nilikuwa na sentensi tayari, nzuri, yenye maneno "kwa kiasi kikubwa" na "kutegemeana na mazingira." Nimewaambia wateja sentensi kama hizo. Msichana wa safu ya mbele alikuwa anaitazama balbu, si mimi.

"Hapana," nikasema. "Jumatano maji si yetu."

"Basi umeandika uongo."

"Nimeandika kosa, mzee. Uongo ningekuambia sasa hivi."

Hakucheka. Aliandika juu ya jalada, akiliegemeza kwenye boneti, neno moja: Irekebishwe. Hakusaini. Akatoa muda mpaka mwisho wa mwezi na akaondoka kwenda Magoma. Mama mkuu alilichukua jalada, akalifuta vumbi la boneti kwa mkono wa sweta, na akasema, "Una siku kumi na tisa. Nenda kavae viatu." Viatu vilikuwa juu mlimani.

Nilirekebisha. Kipindi cha kwanza cha kozi sasa hakina waya wala balbu. Watoto wanaleta zamu za maji za vitongoji vyao, za mifereji yote wanayoijua, na tunaziandika ubaoni siku kwa siku, saa kwa saa. Ndipo tunauliza umeme unaweza kupatikana lini, na siku nyingine tufanye nini. Jumatano ni betri iliyojazwa Jumanne. Msichana yule alichora ratiba ile mwenyewe, na ipo kwenye ukurasa wa kumi na nne, mahali pa sentensi yangu. Dakika tano za maswali nimezihamisha zikae mwanzo wa kipindi. Afisa alisaini siku ya ishirini na nane ya mwezi, bila kurudi kuangalia balbu. Alisoma ukurasa ule mara mbili tu, wakati mimi nimesimama.

Kozi ile niliiandika mimi, na nitasema hivyo mbele ya yeyote. Inafundishwa sasa kwetu na shule mbili za jirani, na jina langu lipo kwenye jalada pamoja na stashahada yangu. Jumatano nyingi, nisipokuwa na kazi ya wateja, hupanda mlima na jembe langu mwenyewe na kummalizia yule mama mistari yake, kwa sababu mchana karakana hutumia maji yanayobaki. Siku hizi nafunga mstari kwa kisigino kimoja na hauvuji. Nilimwambia hivyo wiki iliyopita.

Akaja, akainama, akaugusa udongo mwisho wa mstari.

"Huu," alisema, "haujafika."